Mfikicho wa matufaha: kitindamlo cha oveni kwa siku za vuli, kwa kijiko kimoja cha sukari kila mlaji

Katika vitindamlo vingi vya matufaha, sukari hupewa kazi isiyo yake: kufunika uchachu wa tufaha ambalo halikufaa tangu sokoni. Ukichagua tufaha lililo tamu lenyewe, kazi hiyo inakwisha. Inabaki sukari kidogo tu, ile ya kuifanya sehemu ya juu ikauke hadi ilie ukiitafuna. Mwongozo huu wote umesimama juu ya jambo hilo.

Ninaishi Leicester, katikati ya Uingereza. Kwetu Tanga vuli ni mvua za Oktoba hadi Desemba. Huku vuli ni majani kupukutika, na ikifika Novemba jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Ndiyo majira ya matufaha. Wenye miti nyuma ya nyumba huyavuna mengi kuliko wanavyoweza kula, wakaweka ndoo nje ya geti na kikaratasi: chukua bure. Hapo ndipo kila jiko linapoanza kunukia mdalasini.

Chakula chenyewe Waingereza hukiita crumble. Ni matunda chini, na juu yake unga uliofikichwa na siagi kwa ncha za vidole, kisha vyote vinaingia oveni. Kwa kuwa kufikicha ndiko kunakokifanya kiwe hicho kilicho, nyumbani kwangu tunakiita mfikicho, na ndivyo nitakavyokiita hapa.

Neno moja kuhusu tufaha, kwa ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Najua mkisikia tufaha au tufaa mnaona lile tunda jekundu la majimaji, jeupe ndani, lenye harufu ya waridi. Hilo ni jingine, na halifai hapa, litageuka mchuzi. Ninalolisema ni lile gumu la nchi za baridi, ambalo wengi madukani wanaliita epo.

Nilianza kulishughulikia jambo hili mama alipokuja kunitembelea. Ana kisukari cha aina ya pili. Nikachukua maelekezo ya kawaida, nikaondoa sukari yote, nikampakulia kwa furaha. Alionja kijiko kimoja akakiweka chini taratibu. Akaniuliza, "Sukari umeitoa, mwanangu. Mahali pake umeweka nini?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimetoa tu. Yaliyofuata hapa ni jibu la swali lake, baada ya majaribio ya vuli mbili.

Chagua tufaha kabla ya kuwaza jingine lolote

Tufaha la kupikia linalojulikana zaidi Uingereza ni Bramley: kubwa, la kijani, chachu mno kuliwa bichi. Asili yake ni Southwell, mji mdogo wa Nottinghamshire, si mbali na hapa nilipo. Msichana aitwaye Mary Ann Brailsford alipanda mbegu mwaka 1809, mti ukaota. Mwaka 1846 nyumba ile ilinunuliwa na muuza nyama, Matthew Bramley. Miaka kumi baadaye kijana wa kitalu cha miche, Henry Merryweather, alipoomba vipandikizi vya mti huo ili auze miche yake, Bramley alikubali kwa sharti kwamba tunda libebe jina lake. Aliyepanda hakupewa jina. Kila nikikata Bramley namtaja Mary Ann, naona ni haki yake.

Bramley lina tabia mbili. Limejaa asidi, ndiyo maana maelekezo ya kawaida hulifukia kwa sukari. Na likipata moto huvunjika lote likawa kama povu zito. Tabia ya kwanza ndiyo iliyomshinda mama. Tabia ya pili ni mali.

Matufaha ya kula, kama Gala, Braeburn au Cox, ni kinyume chake. Utamu yanao, ila yakipikwa hubaki vipande, na maji yanayotoka chini yake hayana wa kuyashika. Kwa hiyo changanya: matufaha matano ya kula kwa Bramley moja dogo. Yale matano yanaleta utamu, lile moja linayeyuka na kuwa rojo inayoshikanisha kila kitu, na uchachu wake mdogo unafanya utamu wa wenzake usikike. Huhitaji unga wa mahindi wa kuyatia maji uzito. Ukikosa Bramley, tumia Granny Smith moja na ulikune, maana halivunjiki lenyewe kwa urahisi.

Ukitumia aina moja tu ya tamu, kwa mfano Gala tupu, utapata kitu kitamu lakini cha upande mmoja, kama chai isiyo na majani ya kutosha. Kamulia nusu limau hapo.

Mahitaji, kwa watu sita

Kwa matunda:
- matufaha ya kula 5 ya wastani na Bramley 1 dogo (jumla kama kilo moja)
- beri nyeusi za porini, konzi mbili, ukizipata
- tende kubwa laini 4, zilizotolewa kokwa
- mdalasini wa unga, kijiko kimoja cha chai
- iliki 5, uzimenye na kuzitwanga wakati huohuo
- karafuu 2 zilizosagwa, siyo tatu
- tangawizi mbichi iliyokunwa, nusu kijiko cha chai
- maji, vijiko vikubwa 3

Kwa mfikicho wa juu:
- oti bapa, gramu 130
- unga wa ngano isiyokobolewa (ule wa atta wa chapati unafaa kabisa), gramu 60
- korosho au jozi, gramu 40, zilizopondwa
- sukari ya kahawia, gramu 30
- siagi baridi, gramu 40
- mafuta ya alizeti, vijiko vikubwa 2
- chumvi, robo kijiko cha chai

Oti ninazozisema ni zile punje zilizobanwa zikawa bapa, zinazoonekana bado ni nafaka. Zile za uji wa haraka, zilizosagwa karibu na unga, zitakupa kitu kinachofanana na udongo mkavu.

Kuhusu sukari, mafuta na tende, kwa uwazi

Crumble ya kawaida ya watu sita huchukua kama gramu 100 za sukari juu na gramu 75 hivi kwenye matunda. Hiyo ni karibu gramu 29 kwa kila mlaji. Huduma ya afya ya taifa ya Uingereza inashauri mtu mzima asizidi gramu 30 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima, na Shirika la Afya Duniani linasema chini ya gramu 25 hivi ni bora zaidi. Bakuli moja la kitindamlo, basi, linamaliza siku yako. Kwa vipimo vyangu kila mlaji anapata gramu 5, kijiko cha chai kimoja na chembe.

Watu huniuliza: si uweke asali? Asali ni nzuri na ina harufu yake, lakini katika hesabu hii inahesabiwa sawa na sukari. Ukiweka vijiko vinne vya asali umeweka vijiko vinne vya sukari, hata kama nyuki ndio waliotengeneza. Tende ni habari nyingine kidogo. Zikikatwa vipande na kuliwa na nyuzi zake ni tunda, sukari yake haiingii kwenye kile kikomo. Lakini kwa mwenye kisukari tende bado ni sukari nyingi, zaidi ya nusu ya uzito wake. Kwa vipimo hivi kila mtu anapata theluthi mbili za tende moja. Mama huhesabu hiyo pamoja na wanga wa mlo wake, na siku aliyokula wali mwingi mchana anaiacha. Nawaomba wenye wagonjwa nyumbani wafanye hivyohivyo: neno "bila sukari nyingi" lisiwafanye wapakue mara mbili.

Mafuta ya nazi nayo. Mimi ni mtu wa pwani na sitaki kuyasema vibaya, lakini yamekuwa yakisifiwa kama mafuta ya afya yanayoweza kuchukua nafasi ya siagi. Zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya nazi ni yale mazito yanayopandisha lehemu (kolesteroli) ya damu. Katika siagi ni kama nusu. Ukitaka kupunguza, badilisha sehemu ya siagi kwa alizeti kama nilivyofanya. Sikuondoa siagi yote, kwa sababu mfikicho wa mafuta matupu hauna ile harufu ya kuoka, na chakula ambacho hakiliwi hakimsaidii mtu.

Oti zinaleta nyuzi laini zinazosaidia kushusha lehemu. Gramu 100 huwa na kama gramu 4 za nyuzi hizo, na kiasi kinachopendekezwa kwa kazi hiyo ni gramu 3 kwa siku. Hapa mlaji anapata oti kama gramu 22. Si dawa. Ila ni bora kuliko unga mweupe mtupu.

Na asikuambie mtu kwamba kupunguza ni kukiharibu chakula cha watu. Crumble ilipata umaarufu Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, sukari ilipokuwa ya mgao. Mgao huo ulianza Januari 1940 na haukwisha hadi Septemba 1953. Kwa kawaida mtu mzima alipata kama gramu 227 za sukari na gramu 57 za siagi kwa wiki nzima. Waliokipika wakati ule walibana kuliko sisi.

Beri za porini

Agosti na Septemba, kando ya njia za miguu na kwenye ua wa mashamba, michongoma ya beri nyeusi hujaa. Ni bure. Vaa mikono mirefu, chuma zile zinazoachia zenyewe ukizigusa, na usichume kando ya barabara kuu wala chini ya usawa wa goti, maana mbwa hupita hapo. Ziloweke kwenye maji ya chumvi robo saa, vidudu vitoke, kisha zisuuze.

Waingereza wa zamani walikuwa na mwiko: baada ya sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, tarehe 29 Septemba, usichume tena, Shetani amezitemea mate. Ukienda mwezi wa Oktoba utaona sababu iliyo ndani ya mwiko: unyevu umeingia, zimeota ukungu na ladha imekimbia. Zikipatikana nyingi, zigandishe kwenye friza kwa matumizi ya Novemba.

Kupika

Washa oveni nyuzi 180 za Selsiasi. Kama ni ya feni, 160. Ya gesi, namba 4.

Osha matufaha vizuri, uyakate robo, utoe kokwa. Usiyamenye. Sehemu nzuri ya nyuzi za tufaha iko kwenye ganda, na ganda la Gala au Braeburn hulainika hata halionekani. Bramley pekee ndilo ninalolimenya, kwa sababu ganda lake ni nene na nataka liyeyuke lote. Yale ya kula kata vipande vya sentimita mbili; Bramley likate vyembamba zaidi, liwahi kuvunjika.

Kata tende ndogondogo, ukubwa wa punje ya maharage. Usizisage. Tende iliyosagwa inasambaa na kupotea, ile ya kipande unakutana nayo mdomoni na unajua umekula kitu kitamu.

Changanya matufaha, tende, viungo vyote na maji ndani ya bakuli la kuokea lenye ujazo wa lita mbili hivi. Viungo ndivyo vilivyokuja mahali pa sukari; ndiyo maana ni vingi kuliko utakavyoona kwenye maelekezo ya hapa. Ulimi hauonji wenyewe, pua inausaidia, na sisi tuliolelewa kwa maandazi na kaimati tumezoea kuinusa iliki pamoja na utamu. Iliki iliyosagwa kitambo ikakaa kabatini haina nguvu hiyo. Twanga mpya. Karafuu ikizidi itameza zote, kwa hiyo shikilia mbili.

Funika bakuli kwa karatasi ya foili, liingie oveni dakika 20. Hatua hii maelekezo mengi hayana, na mimi siiachi. Matufaha ya kula ni magumu, yanachelewa kuiva kuliko Bramley. Ukiyafunika kwa oti tangu mwanzo, oti zitaungua huku chini bado kunagonga meno.

Wakati huo fikicha. Changanya oti, unga, chumvi na sukari. Weka siagi iliyokatwa vipande, ufikiche kwa ncha za vidole, ukiinua mikono juu ili hewa ipite, hadi siagi isionekane. Usitumie viganja, vina joto, siagi itayeyuka upate donge la chapati. Kisha mwagia mafuta na korosho, uchanganye kwa uma. Mwisho nyunyiza kijiko kikubwa kimoja cha maji baridi na ukoroge mara mbili tatu tu. Yale maji yanafanya vijidonge vidogo, na vijidonge ndivyo vinavyokauka vizuri. Bila hayo, mfikicho wenye mafuta machache unabaki vumbi.

Sukari yote iko hapa juu, na ni kwa makusudi. Kijiko kinapoingia mdomoni, ulimi unakutana kwanza na tabaka hili. Gramu 30 zikiwa juu zinasikika; zikichanganywa na kilo ya matunda zinazama usizione.

Toa bakuli. Matufaha yawe yameanza kulainika pembeni na Bramley limeanza kuvunjika. Tia beri sasa, siyo mapema, zisije zikapasuka zote. Mwaga mfikicho juu bila kuukandamiza. Rudisha bila kufunika, dakika 30 hadi 35, mpaka juu pawe rangi ya korosho iliyokaangwa na pembeni uone maji ya matunda yakitokota, ya zambarau kama uliweka beri. Pakianza kuwa peusi mapema, shusha bakuli ngazi ya chini.

Likishatoka, liache robo saa. Najua harufu inavyovuta. Lakini rojo inahitaji kupoa kidogo ili ishike, na chakula kinachounguza ulimi huwezi kusikia utamu wake mdogo. Kikiwa vuguvugu, utadhani umeongeza sukari.

Cha kulia nacho

Kastadi ndiyo desturi ya hapa, na ya paketi huwa imejaa sukari. Mimi huweka mtindi mzito usiotiwa kitu, vijiko viwili juu, na iliki chembe. Ubaridi na uchachu wa mtindi unakutana na joto la matufaha vizuri sana. Mama aliomba tui bubu siku ya kwanza. Nilimkatalia, nikaona ameumia, nikampa kijiko kimoja. Kwa kijiko kimoja sina ugomvi.

Kwa watoto chini ya miaka mitano, ponda korosho hadi ziwe chenga kabisa, nzima zinaweza kuwakaba. Kwa wageni usiowajua, uliza kwanza kama wanadhurika na njugu; mbegu za alizeti au za maboga zinashika nafasi yake bila tatizo.

Kinachobaki kiweke kwenye friji, siku tatu. Kipashe kwenye oveni. Maikrowevu hulegeza oti. Mfikicho mbichi wa juu unakaa kwenye friza hadi miezi mitatu ndani ya mfuko, na unaumwaga ukiwa umeganda vilevile. Kipande baridi na mtindi asubuhi ni chakula kamili kabla ya kazi.

Bila oveni

Mama aliporudi Tanga alibeba oti. Huko anatumia mapeasi ya Lushoto, yaliyo rahisi na tamu kuliko matufaha ya meli, na anapika kwa makaa juu na chini, kama mkate wa kumimina. Peasi lina maji mengi na linaiva upesi, basi usiongeze maji na uache ile hatua ya dakika 20. Badala ya Bramley, weka juisi ya ndimu moja na konzi ya embe bichi lililokunwa, litayeyuka lishikanishe.

Tumia sufuria nzito. Makaa machache chini, yaliyokwisha moshi na kufunikwa na majivu. Mengi zaidi juu ya mfuniko. Chungulia baada ya dakika 20. Tabu ya sufuria ni mvuke: unapanda, unagonga mfuniko, unarudi kama maji juu ya oti. Mama huinua mfuniko kila baada ya dakika kumi na kuufuta upande wa ndani kwa kitambaa kikavu. Dakika tano za mwisho huuegemeza kwenye ukingo wa sufuria, ukiwa umeachia upenyo wa kidole kimoja, mpaka oti zikauke.